Nani Anaiponya Nchi? Kazi, Mamlaka na Uzuiaji wa Kujiua katika Milima ya Usambara

Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo Lutindi, upande wa kusini wa Usambara ya Magharibi, kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Miaka minane baadaye kilianza kupokea wagonjwa wa akili, kikawa miongoni mwa hospitali za mwanzo kabisa za aina hiyo Afrika Mashariki. Kazi za mikono, kilimo na utunzaji wa chai vikawa sehemu ya tiba. Fikra iliyomo humo ni nzito: kazi yenye kipimo, inayofanywa pamoja na wenzako, bila matusi, humrudishia mtu heshima yake. Lakini ikiwa kazi inaponya, basi kazi hiyohiyo ikipangwa vibaya inaweza kumvunja mtu. Upande huu wa pili ndio tunaoukwepa kila tunapozungumzia kuzuia kujiua kazini.

Mazungumzo yetu humhukumu mfanyakazi peke yake: hana uvumilivu, imani yake haba, kwa nini hakusema? Vuga, makao makuu ya Wakilindi, watawala wa Washambaa, ilizoea kuuliza swali jingine. Katika fikra ya kisiasa ya Washambaa, aliyoichambua mwanahistoria Steven Feierman katika *Peasant Intellectuals* (1990), mvua ilipokosekana na njaa ikaingia, hakuulizwa mkulima kwa nini mahindi yake yamekauka. Aliulizwa mfalme. Wajibu wa *kuzifya shi*, kuiponya nchi, ulikuwa wa mwenye mamlaka, na watu walimpima kwa huo. Siupambi ufalme ule. Ulikuwa na dhuluma zake, na utumwa ulikuwamo. Ninachokitetea ni mantiki yake, kwamba dhiki iliyoenea hupelekwa mlangoni kwa aliye na uwezo wa kuiondoa. Utawala wa Kijerumani uliipindua mantiki hiyo. Kuanzia mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, mwanamume alipewa kadi iliyomtaka amfanyie mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne, na asiyetimiza akalazimishwa kufanya kazi za serikali. Tangu hapo anayeshindwa kazini ndiye mwenye kosa.

Tumeirithi hukumu hiyo, na sheria zetu za Tanzania zinaionyesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Ni haki kubwa. Ila asiyefikisha miezi sita kazini kwa kawaida haipati, na anayeipata hudaiwa cheti cha daktari. Mchumaji wa chai anayelipwa kwa kilo, ambaye siku asiyochuma ni siku asiyokula, ataandikiwa na nani cheti cha sonona? Malaria ina kipimo zahanati. Usingizi uliopotea na moyo uliokata tamaa havina.

Juu ya hayo kuna Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 217 kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Waingereza, ambao tuliipokea sheria hiyo mikononi mwao, waliiondoa kwao mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kama hicho ni kinyume cha katiba. Sisi bado tunacho. Madhara yake hayaishii kwa wanaofikishwa mahakamani. Aliyenusurika, ambaye ndiye anayehitaji kuangaliwa kwa karibu kuliko mtu yeyote, anafundishwa kuficha: anamficha mwajiri, anamficha mganga, na nyumba nzima inaficha pamoja naye.

Wapo watakaosema kwamba tunachokosa ni wataalamu. Ni kweli, na wapelekwe zaidi. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya akili kazini, wa mwaka 2022, unaanza kwingine: kupunguza mzigo wa kazi uliopita kiasi, kukomesha unyanyasaji, kuwafunza wasimamizi. Mnyapara anayewaona watu wake kila alfajiri hutambua mapema aliyebadilika, kama amefunzwa kutazama. Afunzwe pia jambo moja linaloogopwa bure: kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani, mara nyingi humfungulia mlango wa kusema.

Lakini wengi wa watu wa Vuga na Bumbuli, hukohuko Usambara, hawana mnyapara. Wao ni wakulima wadogo. Kiwanda cha chai cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013, baada ya mgogoro mrefu baina ya wakulima na mwekezaji, walibaki na majani shambani bila mnunuzi wa karibu. Sidai kwamba kufungwa huko kulimuua mtu. Nadai kwamba mkulima mwenye deni na mazao yasiyouzika yuko mahali pa kazi penye hatari, ingawa hakuna mkaguzi anayepaita hivyo. Hatari nyingine ni viuatilifu, ambavyo mkulima wa mboga huvihifadhi nyumbani anamolala. Sri Lanka ilipiga marufuku viuatilifu vikali zaidi hatua kwa hatua tangu miaka ya 1980, na vifo vya kujiua vikashuka kwa zaidi ya theluthi mbili. Mavuno hayakuporomoka. Huko iliyoamua ni serikali. Familia hazikuachiwa kazi ya kumlinda mtu wao saa zote, maana saa ya hatari mara nyingi ni fupi na anayeivuka mara nyingi huishi.

Hayo yana wahusika wanaojulikana. Kifungu cha 217 kinafutwa na Bunge. Viuatilifu vinazuiwa na mamlaka inayovisajili. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi unaokagua mashine za kiwanda unaweza kukagua pia jinsi mnyapara anavyosema na watu. Na chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU, kinapokaa na waajiri wa chai kujadili mkataba wa hali bora, kinaweza kudai siku za ugonjwa zenye malipo kwa kibarua wa kilo, na ugonjwa wa akili uandikwe humo kwa jina lake.