Kitunzanafasi: Rada Iliyo Kwenye Bampa la Semi

Miongoni mwa semi zinazotoka Mwanza kwenda Musoma na Sirari, au zinazopita Usagara kulielekea Daraja la J.P. Magufuli lililofunguliwa Juni 2025, zipo zilizoanza kazi Ulaya. Huko, tangu Novemba 2015, karibu kila lori jipya zito linatakiwa kisheria liweze kufunga breki lenyewe likikaribia kugonga gari la mbele. Kwa hiyo malori ya mitumba ya miaka hiyo mara nyingi huja na rada ndani ya bampa, na pamoja nayo kifaa ambacho wengi hukiita "kruzi" tu. Jina hilo halitoshi. Kwenye gari linaloruhusiwa kufika tani 56, jina lisilotosha linaweza kumponza dereva.

Hapa kuna vifaa viwili. Cha kwanza hushikilia mwendo: dereva akiweka 80, gari linabaki 80 mpaka akanyage breki, hata kama mbele kuna gari. Hiki nakiita kishikamwendo. Cha pili hutazama mbele na kupunguza au kuongeza mwendo ili gari lisilisogelee mno lililotangulia. Hiki napendekeza tukiite kitunzanafasi, kwa muundo uleule uliotupa kipazasauti na kipimajoto. Ukisema "kidhibiti mwendo badilifu" umeeleza kwamba mwendo unabadilika, lakini hujaeleza kwa ajili ya nini. Kinachotunzwa ni nafasi, na nafasi hiyo hupimwa kwa sekunde.

Chukua semi iliyotoka Magu kuelekea Lamadi. Dereva ameweka mwendo 80 na nafasi ya sekunde 3. Kwa mwendo huo gari hukata mita 22.2 kila sekunde, hivyo nafasi ni kama mita 67. Mbele inaonekana Fuso iliyosheheni marobota ya pamba, iko 50. Rada inatoa mawimbi ya redio ya gigahezi 77, ambayo urefu wake ni kama milimita 4. Yakigonga chuma cha Fuso mita 150 mbele, mwangwi unarudi baada ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa kuwa muda huo ni mfupi mno, rada hupandisha masafa yake mfululizo, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Mwangwi unaporudi, masafa yanayotoka yameshapanda, na tofauti iliyopo ndiyo inayotoa umbali.

Mwendo wa Fuso nao hujulikana kwa kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842: mwangwi wa kitu unachokisogelea hurudi na masafa ya juu zaidi. Kwa gigahezi 77, kila kilomita 1 kwa saa ya kusogeleana huongeza mitetemo 143 hivi kwa sekunde. Semi inaisogelea Fuso kwa kilomita 30 kwa saa, kwa hiyo nyongeza ni kama 4,300.

Kisha kompyuta inaanza kazi kwa mpangilio. Kwanza inapunguza mafuta. Mwendo usiposhuka vya kutosha, inaita breki ya injini au ritada, ambazo hazisugui ngoma za magurudumu. Breki za upepo huja mwisho, maana ngoma zikipata moto sana hupoteza nguvu. Fuso ikichepuka kuingia barabara ya vumbi, semi inarudi 80.

Mawimbi haya hupenya vumbi, ukungu na mvua ya ziwa vizuri kuliko macho yetu. Hata hivyo rada ina upofu wake. Barabara imejaa vyuma vilivyosimama: alama, nguzo, kingo za madaraja. Ili gari lisifunge breki ovyo, mifumo mingi ya kutunza nafasi, hasa ya zamani, hupuuza kitu ambacho haijakiona kikitembea. Lori lililoharibika usiku huangukia kundi hilo. Matawi yaliyotandazwa nyuma yake yanamwonya dereva, rada haiyasomi. Ng'ombe anayevuka naye hutoa mwangwi hafifu kuliko chuma. Na mjini Mwanza, pale Igoma au Buzuruga ambapo daladala na bodaboda huchomekea muda wote, kifaa hiki kizimwe.

Gereji nazo zina wajibu. Ngao ya chuma ikifungwa mbele ya bampa inaweza kuiziba rada, na tope huiziba vilevile. Bampa likigongwa, rada ikapinda nyuzi 2 tu, kwa umbali wa mita 100 itakuwa imekosea mita 3.5, upana wa njia nzima ya barabara. Itatazama gari lisilohusika. Lazima ipimwe na kunyooshwa upya kabla ya kutumika.

Ndiyo maana natetea neno kitunzanafasi na kukataa kabisa kuambiwa kwamba gari "linajiendesha". Kifaa kina kazi moja: kutunza nafasi nyuma ya gari linalotembea. Usukani, kona, mifugo na gari lililosimama vimebaki mikononi mwa dereva. VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji vikilifundisha hivyo kwa Kiswahili, dereva anayekabidhiwa semi ya aina hii atajua ni wapi akiwashe, na ni wapi asikitegemee hata kidogo.