Kipimo cha Jinja na Kile Kisichopimwa

Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, Ziwa Victoria lilipata mlango unaofungwa na kufunguliwa na binadamu. Serikali ya kikoloni ya Uganda ilitaka umeme. Misri, iliyochangia gharama, ilitaka akiba ya maji. Wakapatana kwamba maji yaachiwe kwa uwiano ule ule wa asili: ziwa likipanda mto upate zaidi, likishuka upate kidogo, kama yalivyokuwa yakifanya maporomoko ya Ripon kabla ya kuzamishwa. Mhandisi wa Misri akawekwa hapo hapo kufuatilia. Mpango huo ulikuwa na busara yake, lakini ndio uliolijengea bonde mazoea mabaya. Ziwa likawa tangi la kupimwa kina na kiasi kinachotoka, na kile kinachoingia kutoka mashambani na mijini hakikuwa na mwenyewe. Naona hapo ndipo ilipo sababu ya mafuriko, ukame na uchafuzi kushughulikiwa kila kimoja kivyake, na karibu kila mara kwa kuchelewa.

Kati ya 1961 na 1964 mvua kubwa zililipandisha ziwa zaidi ya mita mbili, mialo na mashamba ya kando yakazama. Jibu lilikuwa mradi ulioanza 1967 wa kupima mvua na mito ya maziwa Victoria, Kyoga na Albert, ambamo Misri na Sudani zilikaa meza moja na Kenya, Uganda na Tanzania. Takwimu zake zina thamani hadi leo, ila swali lilibaki lile lile: maji ni kiasi gani? Hata Tanganyika, ilipotangaza Julai 1962 kwamba haifungwi na mkataba wa Nile wa 1929, ilikuwa inadai haki ya kutumia maji. Usafi wake haukuwa mezani kwa yeyote.

Gugu maji ndilo lililoumbua kasoro hiyo. Lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na mto Kagera uliendelea kulishusha kutoka Rwanda. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limeziba ghuba na bandari. Kisumu, mitumbwi ilinasa kwenye zulia la majani na wavuvi wakashindwa kufika majini. Waliolipunguza kwa kiasi kikubwa ni mbawakavu wadogo wa jamii ya fukusi: mkubwa hutafuna jani, lava wake hutoboa shina, maji yakapenya na mmea ukaoza na kuzama. Lakini mbawakavu hagusi mbolea na maji taka yanayoulisha mmea huo, ndiyo maana gugu hurudi. Anayesema kila nchi isafishe kwake, basi imetosha, aeleze Tanzania ingeuzuiaje peke yake mzigo wa Kagera. Tena sehemu kubwa ya fosforasi huangukia ziwani kutoka hewani, pamoja na vumbi na moshi visivyojua mpaka.

Pingamizi zito zaidi ni la wataalamu wa maji wenyewe. Takribani asilimia 80 ya maji ya ziwa ni mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja. Tume gani itaiamuru mvua? Ni kweli, na Mei 2020, ziwa lilipovuka rekodi ya 1964, hakuna mlango wa bwawa ambao ungelizuia. Lakini tukumbuke 2006, ziwa liliposhuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1920. Ukame ulikuwepo, hata hivyo wachambuzi walikadiria kuwa karibu nusu ya anguko hilo ilitokana na maji yaliyoachiwa Jinja kupita uwiano uliokubaliwa, ili kuendesha mitambo. Na maji yaliposhuka, mabomba ya miji yaliachwa karibu na tope na taka za ufukweni. Upungufu na uchafu vilikuwa tukio moja.

Itifaki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2003, iliyofuatiwa na kamisheni ya bonde yenye makao Kisumu, iliyaweka mambo haya chini ya paa moja kwa mara ya kwanza. Mlango wenyewe, hata hivyo, umebaki mikononi mwa Uganda, na mkataba mpana wa bonde la Nile ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024 bila Misri na Sudani. Kenya, ambako mto Nzoia humwaga mafuriko na udongo wa mashamba Budalang'i kabla ya kuingia ziwani, wakati huo ilikuwa imeusaini tangu 2010 lakini ilikuwa haijauridhia.