Kibali cha Moto katika Bonde la Ufa

Nakuru haikuwa na ofisi hata moja wakati moto wa nyika ulipokuwa tayari na wenyewe. Wamaasai waliochunga kutoka Naivasha hadi Elmenteita na Menengai walichoma nyasi kuukuu ili kuua kupe na kupata majani mabichi mvua ikirudi. Kibali chao hakikuandikwa popote. Wazee waliangalia mifugo iko wapi, upepo unavuma kuelekea wapi, na mvua imekaribia kiasi gani.

Mwezi wa Agosti 1904, Olonana na viongozi wenzake wa Kimaasai walitia sahihi mkataba na serikali ya kikoloni ya Kamishna Donald Stewart. Wamaasai wakahamishwa, wengine hadi Laikipia, wengine kusini mwa reli. Reli hiyo ilikuwa imefika Nakuru mwaka 1900, na walowezi wakaifuata. Huko Njoro, Lord Delamere peke yake alikodishwa ekari 100,000. Nyasi zilezile sasa zikazungushiwa seng'enge, na moto uliokuwa dawa ya malisho ukawa hasara ya mtu mwenye hati.

Serikali ya kikoloni iliushughulikia moto huo kwa njia mbili, na tofauti yake inasema mengi. Mwafrika alisimamiwa na chifu. Katika Sheria ya Machifu, Sura ya 128 iliyorithiwa na Kenya huru, uchomaji wa nyasi na vichaka umo kati ya mambo ambayo chifu anaweza kuyapiga marufuku au kuyawekea masharti. Mwenye shamba naye alikuwa na sheria ya moto wa nyasi, Sura ya 327. Huyo hakulazimika kupiga magoti mbele ya yeyote. Alitakiwa kuwaarifu majirani anaopakana nao kabla ya kuwasha. Mmoja aliamriwa, mwingine akaaminiwa. Hata hivyo, kati ya yote yaliyomo katika sheria hizo mbili, sharti la kumwarifu jirani ndilo lililokaribia zaidi hekima ya wale wazee.

Baada ya uhuru, mashamba makubwa yaligawanywa. Kampuni za kununua ardhi, Ngwataniro ikiwa mojawapo, ziliwapa wanachama vipande vidogo. Palipokuwa na mpaka na jirani mmoja pakawa na mipaka na makumi, na mabua ya ngano bado yalihitaji kuondolewa kabla ya msimu kuanza. Taarifa kwa majirani ikawa ya mdomo, tena mara nyingi kwenye baraza la chifu.

Kiangazi cha 2009 kilionyesha uzito wa kuudhibiti moto. Mwezi wa Machi moto uliteketeza sehemu za msitu wa Mau, na mwingine ukashika mlima Longonot hadi ndani ya kreta yenye wanyama.

Katiba ya 2010 ikayagawa upya mamlaka. Uzimaji moto na udhibiti wa uchafuzi wa hewa vilikwenda kaunti. Chifu akabaki wa serikali ya kitaifa. Sehemu kubwa ya msitu wa Mau iko chini ya Shirika la Misitu, Longonot chini ya Shirika la Wanyamapori. Kwa hiyo mkulima wa Njoro anayepakana na msitu anaishi chini ya mamlaka kadhaa, ilhali moto wake ni mmoja na hauujui mpaka.

Mjini Nakuru hali ni ngumu zaidi. Moshi wa takataka za Gioto, jaa lililo chini ya Menengai, umewasumbua wakazi wa mtaa wa London kwa miaka mingi, na hapo mwenye jaa na mwenye jukumu la kudhibiti moshi ni yuleyule: kaunti.