Usugu na Ukali wa Bakteria katika Ufugaji wa Samaki: Kipi Humzaa Mwenzake?

Usugu wa bakteria dhidi ya antibiotiki na ukali wao katika kuleta ugonjwa mara nyingi huhesabiwa kuwa kitu kimoja, kana kwamba bakteria asiyesikia dawa ndiye muuaji zaidi. Kwamba matumizi holela ya dawa hukuza usugu hakuna anayebisha. Dai lisilosimama ni kwamba usugu wenyewe huwafanya bakteria kuwa wakali.

Ushahidi wa wazi unatoka kwa Aeromonas salmonicida, bakteria wa furunkulosi, ugonjwa wa majipu na vidonda unaowapata samoni na trauti. Jenomu ya aina ya A449, iliyopatikana Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2008, ina plasmidi mbili kubwa, yaani vipande vya DNA vilivyo nje ya kromosomu, zenye kazi tofauti. pAsa4 imebeba jeni za usugu, zikiwemo za kuhimili tetrasaiklini. pAsa5 imebeba jeni za mfumo unaopenyeza sumu ndani ya seli za samaki mithili ya sindano. Bakteria hawa wakioteshwa kwenye joto la nyuzi 25 au zaidi, sehemu hiyo ya pAsa5 mara nyingi hunyofoka: wanabaki hai, lakini ukali umekwisha. Kipimo cha usugu hakiwezi kulibaini badiliko hilo. Kwenye sahani ya maabara, kikaratasi chenye dawa huzungukwa na duara tupu iwapo dawa imefanya kazi. Bakteria sugu huota hadi ukingoni mwake. Duara hilo huonyesha dawa ya kuchagua, wala halitabiri vifo.

Yapo mapingamizi. Jeni huhama, na zikikutana kwenye plasmidi moja, dawa inayoteua usugu huteua na ukali. Hata hivyo, huko ni kusafiri pamoja tu.

Uhusiano wenye uzito zaidi unaelekea upande wa pili: ukali huleta vifo, vifo huleta dawa, na dawa huleta usugu. Mwaka 1987 wafugaji wa Norwe walitumia takriban tani 50 za antibiotiki. Baada ya chanjo, hasa zile za mafuta dhidi ya furunkulosi za mwanzoni mwa miaka ya 1990, matumizi yalishuka chini ya tani moja kufikia mwaka 1998, ilhali mavuno ya samoni yalizidi kupanda. Chile nayo huchanja, lakini imeendelea kutumia mamia ya tani kwa mwaka, hasa florfenikoli. Adui wake mkuu, Piscirickettsia salmonis, hujificha ndani ya seli za kinga za samaki, mahali ambapo kingamwili hazimfikii kwa urahisi.

Kwa hiyo, hata kwa sato wa vizimba vya Ziwa Victoria, ufuatiliaji unaoishia kwenye kipimo cha dawa ni nusu ya kazi. Jeni za ukali zapaswa kupimwa sambamba, kwa kuwa ndizo zitakazoonyesha chanjo ielekezwe wapi kabla mfugaji hajaishika dawa.