Makonyo ya Pemba na Mapipa ya Uskoti

Mtu wa Mkoani akiandika habari za wiski, jirani zake wana haki ya kumuuliza ana nini. Mji wetu ni wa Waislamu, na hukumu ya ulevi tumeisoma tangu chuoni. Sijapata kukionja kinywaji hicho wala sikusudii. Lakini kitu kuwa haramu kinywani hakukifanyi kuwa haramu kusomwa. Na kadiri ninavyoisoma historia ya wiski ya Uskoti, ndivyo ninavyozidi kuiona Pemba ndani yake. Kuna zao la shamba, kuna mtambo wa kukenekea, kuna ushuru, kuna magendo, na kuna kampuni kubwa inayokaa mbali. Tena kuna suali moja linalonikera: katika safari ndefu ya kitu kutoka shambani hadi mkononi mwa mnunuzi, ni jina la nani linalobaki?

Tuanze na kazi yenyewe. Kukeneka ni kuchemsha kitu, kuukamata mvuke wake, kuupoza, na kuyakusanya matone. Watu wa Ulaya walijifunza sehemu kubwa ya ufundi huu katika vitabu vya Waarabu, na maneno yao yanashuhudia. Mtambo wa kale wa kukenekea waliuita alembic, kutokana na Kiarabu al-anbiq. Hata neno lao la kileo, alcohol, linatokana na al-kuhl, yaani wanja, ule ule wanaojipaka wake zetu machoni. Ufundi mmoja ukagawika njia mbili: huku ukatoa marashi, kule ukatoa ulevi.

Uskoti ilishika njia ya pili. Hesabu za hazina ya mfalme wa nchi hiyo za mwaka 1494 zinamtaja mtawa mmoja, John Cor, aliyepewa kimea cha shayiri cha kutengenezea "maji ya uzima". Ndiyo maana ya jina lenyewe la wiski katika Kigaeli, lugha ya kale ya huko. Kwa karne tatu baadaye ilikuwa kazi ya wakulima: shayiri ikizidi, hukenekwa. Serikali ilipozidisha ushuru, hasa baada ya Uskoti kuungana na Uingereza mwaka 1707, wakulima walihamishia mitambo yao mabondeni na mapangoni. Askari wa ushuru waliwawinda, wakavunja mitambo, wakatoza faini, na magendo yakaendelea vile vile.

Yalipungua lini? Mwaka 1823 ilipitishwa sheria iliyopunguza ushuru na kuruhusu mtu apate leseni kwa pauni 10 kwa mwaka. Mwaka uliofuata George Smith, mkulima wa bonde la Glenlivet, alichukua leseni. Jirani zake waliokuwa bado katika magendo walimtishia kuuchoma moto mtambo wake, naye akatembea na bastola kiunoni. Lakini haikuchukua miaka mingi, wengi wakamfuata au wakaacha. Kilichoyashinda magendo ni hesabu: njia ya halali ilipoanza kulipa, watu waliipita.

Hapo ndipo anapoingia mwenye duka. Mwaka 1830 Aeneas Coffey, Muairishi aliyewahi kuwa mkaguzi wa ushuru, alipata hataza ya mtambo unaokeneka mfululizo bila ya kusimama, ukatoa pombe nyepesi ya nafaka kwa wingi na kwa bei nafuu. Wiski ya kimea ilikuwa nzito, na ladha yake haikuwa sawa kutoka bonde moja hadi jingine. Wauza vyakula wa mijini, waliokwisha kuzoea kuchanganya majani ya chai, wakaona nafasi. Andrew Usher wa Edinburgh alikuwa miongoni mwa wa mwanzo, katika miaka ya 1850, na sheria ya mwaka 1860 ikawafungulia mlango wa kuchanganya ya kimea na ya nafaka. John Walker alifungua duka lake Kilmarnock mwaka 1820. Mwanawe, Alexander, ndiye aliyelifanya jina hilo livuke bahari. Dewar wa Perth, Teacher wa Glasgow, ndugu wawili Chivas wa Aberdeen: wote hawa walikuwa wenye maduka au wafanyabiashara wa vinywaji. Mkulima wa shayiri hayumo. Mkenekaji mwenyewe, mara nyingi, hayumo. Jina lilibaki kwa aliyechanganya.

Kisha kampuni zikamezana. Wakenekaji sita wa pombe ya nafaka waliungana mwaka 1877 na kuunda Distillers Company. Mwaka 1925 iliwachukua Walker, Buchanan na Dewar kwa pamoja. Guinness ikainunua mwaka 1986, na mwaka 1997 Guinness ikaungana na Grand Metropolitan, ikazaliwa Diageo. Watu walibadilika, hisa zikahama, lakini jina la yule muuza duka wa Kilmarnock halikubanduliwa kwenye chupa.

Msomaji ataniuliza, na Pemba ipo wapi? Ipo karibu kuliko tunavyodhani. Kusini-magharibi mwa Uskoti kuna mji wa bandari uitwao Campbeltown, ambao mwishoni mwa karne ya 19 ulikuwa na viwanda vya wiski vipatavyo 20. Katika mji huo, mwaka ule ule wa 1823, alizaliwa William Mackinnon. Alianzia kazi ya duka la vyakula hapo hapo, akaenda Bengal, akaanzisha kampuni ya meli iliyokuja kujulikana kama British India. Mwaka 1872 meli zake zilianza kuleta barua Unguja kila mwezi. Mwaka 1888 kampuni yake nyingine, Imperial British East Africa Company, ilipewa hati ya malkia, nayo ikashika pwani iliyokuwa ya Sultani, ambayo leo ni ya Kenya. Muuza duka mmoja wa Campbeltown hakuchanganya wiski. Alichanganya meli, mikataba na ardhi za watu.

Na mwaka huo huo wa 1872, mwezi wa Aprili, kimbunga kiliipiga Unguja na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika. Tangu hapo kisiwa chetu ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, ijapokuwa duniani zinaitwa za Zanzibar tu. Unaona? Hata kabla ya kampuni yoyote, jina letu lilikwisha kuchanganywa.

Kampuni nazo zilikuja. Mwaka 1927 uliundwa umoja wa wakulima wa karafuu, Clove Growers' Association, ambao katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliupa madaraka makubwa juu ya biashara ya zao hilo. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na mwaka 1937 India nayo ikasusia karafuu zetu, mpaka yakapatikana maafikiano mwaka 1938. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 biashara ilishikwa na serikali, na tangu mwaka 1968 mnunuzi ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Indonesia, iliyokuwa mteja mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ilipojitosheleza kwa mikarafuu yake katika miaka ya 1980, bei ilianguka na shamba likawa mzigo.

Yaliyofuata Mskoti wa mwaka 1820 angeyafahamu bila ya mkalimani. Bei ya ng'ambo ya mkondo, upande wa Kenya, ikiwa juu kuliko ya kituoni, karafuu husafiri usiku kwa ngalawa. Ziliwekwa adhabu nzito, ukawekwa ulinzi wa pwani, na magendo hayakwisha. Mwaka 2011 serikali iliipandisha sana bei ya kununulia, na baadaye ikaweka msimamo kuwa mkulima alipwe asilimia 80 ya bei ya soko la nje. Magendo yalipungua. Sisemi walinzi hawana kazi. Nasema George Smith na mkulima wa Pemba wamesomeshwa na mwalimu mmoja.

Nirudi kwenye mtambo, maana sisi pia tunakeneka. Kila mtoto wa shamba anayajua makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Siku za msimu tulikaa usiku kuizunguka kandili, karafuu huku, makonyo kule, na vidole vikinuka mpaka asubuhi. Bibi yangu alikuwa hakubali kikonyo kimoja kitupwe. Alisema hicho nacho kina bei yake, japo ndogo. Makonyo hayo hupelekwa Wawi, karibu na Chake Chake, kwenye kiwanda cha ZSTC. Hupitishiwa mvuke, mvuke hupozwa, na mafuta, kwa kuwa ni mazito kuliko maji, hutuama chini. Makonyo yana mafuta ya asilimia 5 hadi 7 tu ya uzito wake, lakini sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujeno, dawa ambayo madaktari wa meno wanaitegemea. Hapo zamani yujeno hiyo ndiyo iliyotumiwa kutengenezea vanila ya viwandani.

Sasa nieleze jambo lililonishangaza kuliko yote. Kwa sheria ya huko, wiski haiitwi ya Uskoti mpaka ikenekwe Uskoti na kulazwa huko huko katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka mitatu. Ndani ya miaka hiyo mti huitoa harufu yake, na miongoni mwa vitu vinavyotoka katika mwaloni ni vanila na yujeno. Kwa hiyo anayeonja wiski akasema inanukia karafuu hadanganyi. Harufu ya makonyo yetu imo, ila haikutoka kwetu. Imetoka katika mbao, na mara nyingi mbao zenyewe ni za mapipa yaliyokwisha kutumika Marekani au Hispania. Nazo nchi hizo mara nyingi hazitajwi mbele ya chupa. Panaandikwa Uskoti.

Simlaumu Mskoti kwa kulilinda jina la nchi yake, ningependa tuige. Mafuta ya Wawi yakiuzwa nje kwa mapipa, huko huchanganywa na kutiwa katika chupa ya dawa, ya manukato, ya sabuni, na aliyechanganya ndiye anayebandika jina. Lakini tusijidanganye kuwa jina peke yake ni chakula. Campbeltown ilikuwa na jina kubwa, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 vilibaki viwanda viwili tu. Cha tatu kilifufuliwa mwaka 2004. Na mkulima wa shayiri ni nadra kuandikwa, jina la nchi yake liwe kubwa namna gani.

Basi mambo mawili yaende pamoja: bei inayomfanya mkulima asitazame ng'ambo usiku, na chupa iliyotiwa mafuta hapa hapa, imeandikwa Pemba. La kwanza tumelianza, na linahitaji kulindwa kila bei ya dunia inapoyumba. La pili linahitaji chupa, mashine ya kufungia, vipimo vinavyoaminika na watu wa kuuza. Hayo yote wale wenye maduka wa Kilmarnock na Perth waliyajifunza dukani, na sisi makonyo tunayo.