Neno la siri moja, mahali patatu

Ukibadilisha neno la siri la hifadhidata leo, utalibadilisha mahali pangapi? Swali hili limewasumbua waandishi wa programu miaka mingi.

Mwaka 1992 Microsoft ilitoa ODBC, na pamoja nayo DSN. Unaupa muunganisho jina, tuseme “duka”, halafu anwani ya seva na mengineyo yanakaa nje ya programu. Programu huita jina tu. Safi kabisa, ila jina lilisajiliwa kwenye kila kompyuta. Ofisi ya kompyuta 30, nakala 30!

Mwaka 1999 Andrew Hunt na David Thomas walieneza kanuni ya DRY katika kitabu The Pragmatic Programmer: kila jambo liwe na makao mamoja tu ndani ya mfumo. Rails ya David Heinemeier Hansson, iliyotoka 2004, iliipeperusha kanuni hiyo kama bendera. Cha kuchekesha ni kwamba faili yake ya database.yml iliandika adapta, mtumiaji na neno la siri mara tatu: development, test na production.

Basi watu wakawa wananakili na kubandika, na hapo ndipo palipo na hatari. Hifadhidata ya test hufutwa na kujengwa upya unapoendesha majaribio. Faili yenyewe ilibeba onyo hilo. Nakili sehemu ya production, badilisha kichwa, sahau mstari wa database, na data ya wateja imekwenda. (Rails 5 ya 2016 iliongeza kinga: hifadhidata hukumbuka ni ya mazingira gani, na amri za kufuta hugoma zikikuta ni ya production.)

Dawa ilikuwa tayari ndani ya YAML:

msingi: &msingi
  adapter: postgresql
  host: localhost
  username: duka

development:
  <<: *msingi
  database: duka_dev

test:
  <<: *msingi
  database: duka_test

Alama ya & inaupa msingi jina, * inauita, << inaumimina hapo. Siku hizi Rails huandika sehemu kama hiyo yenyewe ukianzisha mradi. Lakini angalia: mstari wa database haumo kwenye msingi. Ukiuweka humo ukasahau kuuandika upya chini ya test, test itarithi hifadhidata isiyo yake. Kinachofanana kiunganishe, kinachopaswa kutofautiana kiache kiandikwe kila mara, hata kama inachosha.

Neno la siri nalo? Mwaka 2011 Adam Wiggins wa Heroku aliandika The Twelve-Factor App, akataka mipangilio ya aina hii itoke kwenye faili za mradi iingie kwenye vigeu vya mazingira. Kipimo chake ni kizuri: je, unaweza kuanika msimbo wako hadharani sasa hivi bila kufichua siri? Ndipo DATABASE_URL ilipozoeleka, mstari mmoja wenye kila kitu.

Ila cron haisomi .bashrc yako. Kwa hiyo kwenye seva nyingi utakuta mstari uleule umeandikwa tena ndani ya crontab, na neno la siri la zamani.