Utando wa Mafuta na Haki ya Ertel

Vitabu vingi vya uhandisi hutaja, na wasomaji hulipokea jambo hilo bila ya kulihoji, kwamba wa mwanzo kuukadiria sawasawa kwa hesabu utando wa mafuta unaoitenga gololi na njia yake ndani ya beringi alikuwa Grubin wa Moscow, kwa risala yake ya mwaka 1949. Dai hilo lilikwisha kubatilishwa mwaka 1985 na Alastair Cameron katika makala fupi ambayo wachache wameisoma. Na sisi tuishio katika ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Geita hadi Nyasubi hapa Kahama, ambako makarasha husaga mawe mchana kutwa, tuna sababu ya kuijua tarikhi hiyo.

Zama za Leonardo na Amontons nazipita, kwani walishughulika na msuguano mkavu. Mwaka 1883 Beauchamp Tower, akichunguza mihimili ya magurudumu ya reli kule Uingereza, alitoboa tundu la kutilia mafuta, nayo mafuta yakapanda yakakisukuma nje kila kizibo alichokitia. Na mwaka 1886 Osborne Reynolds akatoa mlinganyo uliobainisha kwamba mhimili unaozunguka huyavuta mafuta kwenye pengo jembamba hata shinikizo likaubeba mzigo. Mabehewa yaliyoshika njia ya Isaka kwenda Mwanza tangu 1928 yalibebwa na nguvu hiyo hiyo.

Lakini H. M. Martin alipoyapigia hesabu hiyo meno ya gia mwaka 1916, alipata utando mwembamba kuliko hata mikwaruzo ya chuma chenyewe. Kwa hesabu ile meno yote yangalisagana upesi, ilhali gia zilidumu miaka. Mlinganyo haukuwa na dosari. Martin alikichukulia chuma kuwa hakibonyei, na mnato wa mafuta kuwa ni ule ule daima, na yote mawili si kweli pale ambapo shinikizo hupita la hewa kwa mara elfu kadhaa, chuma kikabonyea kama alivyokwisha kuonyesha Hertz, na mafuta yakawa mazito kama nta.

Hapo ndipo A. M. Ertel, huko Moscow, alipotambua kwamba hapana haja ya kulifungua fundo zima kwa mara moja: umbo la chuma kilichobonyea laazimwa kwa Hertz, na unene wa utando huamuliwa mlangoni, mafuta yaingiapo, kabla ya shinikizo kufika kilele. Natija yake ni ya ajabu, kwani kasi na mnato ndio watawala, na mzigo, ambao kila fundi huuogopa, haupunguzi unene ila kidogo mno. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Ertel alikuwa Ujerumani, upande wa Magharibi, na katika Urusi ya Stalin jina la mtu wa namna hiyo halikuwa la kuchapwa. Kazi ikatoka kwa jina la Grubin. Mtu akisema kwamba Grubin aliinusuru, ama sivyo ingalizikwa, hoja yake naisikiliza, kwani hofu ya siku zile haikuwa mzaha. Akisema kwamba jina si kitu maadamu hesabu ni sahihi, simsikilizi.

Kompyuta, kwa maoni yangu, zilikuja kuthibitisha. Dowson na Higginson walilitatua tatizo lote kwa tarakimu mwaka 1959, na unene walioupata haukuwa mbali na wa Ertel.

Msuguano wenyewe ndio ungali na ugomvi. Ukiuzidisha mnato wa shinikizo lile kwa kasi ya mteleko, wapata msuguano uliopita kiasi, kwani mafuta hulegea yakikatwa upesi. Lakini hulegea kwa kanuni gani? Mwaka 2014 Hugh Spikes wa London aliitetea kanuni ya Eyring, ikisomwa katika msuguano uliopimwa mashineni. Scott Bair wa Atlanta akapinga, akitaka mnato upimwe kwanza peke yake, chini ya shinikizo kuu. Mimi ni wa Bair: programu iliyolishwa namba zilizokamuliwa katika jibu hailitabiri jibu, hulirudia tu.

Nyingi za programu hizo hudhania mafuta safi na tele. Utando mara nyingi haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita, na chembe ya vumbi la mawe huuzidi mara nyingi. Tena karasha, kila linapowashwa, hupita kwanza katika kasi ndogo ambapo utando haujasimama. Aidha beringi ikitiwa grisi, grisi iliyosukumwa pembeni na gololi hairudi upesi, na mlango ule wa Ertel hukosa cha kuingiza, hata kanuni zote nilizozitaja zikatoa unene mkubwa kuliko uliopo.